Bao likiingia, ardhi inasikia nini?

MASWALI NA MAJIBU

Tangu mechi za CHAN zichezwe kwenye uwanja wa Namboole Agosti 2025, na sasa AFCON ya 2027 ikiwa njiani kuja kwetu Uganda, Kenya na Tanzania, barua kuhusu mitetemo ya uwanjani zimezidi hata zile za magonjwa ya kuku. Tumechagua saba.

Ninafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Tororo. Wanafunzi wanataka kupima mtetemo wa mashabiki kwenye mashindano ya mpira ya shule. Tununue nini, tukiweke wapi, na tutajuaje kwamba tumewapata mashabiki na si lori? — Mwalimu, Tororo

Mwalimu, swali lako la mwisho ndilo kazi yenyewe. Kuona mstari unapanda kwenye skrini ni rahisi, maana ardhi ya mjini haitulii hata usiku. Kuthibitisha kwamba waliopandisha ule mstari ni mashabiki ndiko kunakokula muda, na kwenu Tororo mna reli, malori ya mpakani na machimbo.

Kifaa kwanza. Mnahitaji jiofoni ya wima ya 4.5 Hz (Hz ni masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde). Ni kopo dogo linaloenea kiganjani. Ndani mna sumaku iliyoshikamana na ganda, na koili ya waya iliyoning'inizwa kwa springi laini. Ardhi ikitikisika, ganda na sumaku huenda nayo, koili hubaki nyuma kidogo, na tofauti hiyo ya mwendo huzaa umeme. Jiofoni ya kawaida ya aina hii hutoa takriban volti 28.8 kwa kila mita moja kwa sekunde ya mwendo wa ardhi. Sasa piga hesabu: mtetemo wa mikromita 10 kwa sekunde, ambao mguu wa binadamu hauuhisi kabisa, utawapa milivolti 0.288. Msiunganishe jiofoni moja kwa moja kwenye Arduino Uno, ile kompyuta ndogo ya kujifunzia, kwa sababu ngazi yake moja ya kusoma ni karibu milivolti 5, yaani mara 17 ya kitu mnachokitafuta. Chipu ya ADS1115, ukuzaji wake ukiwekwa 16, husoma kwa ngazi za mikrovolti 7.8, na hiyo inatosha kwa shule. Mkiwa na mfadhili, Raspberry Shake inayotengenezwa Panama huja na jiofoni, kisoma cha biti 24 na kompyuta ndogo ndani ya kisanduku kimoja. Huandika masomo 100 kwa sekunde, na elektroniki yake imenyooshwa ili isikie hata chini ya 1 Hz.

Hiyo 4.5 Hz ina mtego. Watu wakirukaruka kwa mdundo hutua kati ya mara 1.5 na 2.8 kwa sekunde hivi, chini ya pale jiofoni inapoanza kusikia vizuri. Kwa 2 Hz inasikia moja ya tano tu ya kilichopo. Kwa 4 Hz, karibu robo tatu. Kwa hiyo wanafunzi wataona mstari wa 4 Hz ni mnene kuliko wa 2 Hz na kuandika kwamba mashabiki waliruka mara 4 kwa sekunde. Hakuna aliyeruka hivyo. Mruko wa 2 Hz huzaa pia 4, 6 na 8, kama uzi wa gitaa, na kifaa kimekula ule wa kwanza. Rekebisheni kwa hesabu kabla ya kuandika ripoti.

Mahali: mita 50 hadi 150 kutoka kwenye umati. Mkisogea karibu zaidi, mtu mmoja anayepita hatua mbili kutoka kwenye jiofoni ataandika mstari mrefu kuliko mashabiki 500 wa ng'ambo ya uwanja. Tafuteni sakafu ya zege iliyolala juu ya ardhi, kama stoo au darasa lililofungwa. Ghorofani hapafai, maana ghorofa ina mtikisiko wake. Wala juu ya vigae vinavyolia wazi ukivigonga. Kama ni nje, chimbeni shimo la sm 50, shindilieni chini, mimineni zege la sm 10, liache likomae siku kadhaa, kisha funikeni kwa ndoo iliyopinduliwa na jiwe juu yake ili upepo usilipige kopo. Kaeni mbali na miti. Upepo ukivuma, mizizi hutikisa ardhi kwa kitu kinachofanana sana na umati. Mkitumia jiofoni ya msumari, isukumeni wima mpaka tako lake liguse udongo mgumu. Ikicheza hata kidogo itakuwa inapima kucheza kwake yenyewe. Wima mwipime kwa pima maji, maana ikiinama sana koili hugusa kikomo na kunyamaza.

Kabla ya mechi, fanyeni jaribio la uwanja mtupu. Wanafunzi 60 wasimame pamoja, simu ipige mdundo wa 120 kwa dakika, waruke sekunde 30. Hiyo ni 2 Hz kamili. Rudieni wakiwa mita 20, kisha 40, kisha 80 kutoka kwenye kifaa. Mkiona mistari ya 2, 4 na 6 inazidi kufifia kadiri wanavyokwenda mbali, kifaa kinafanya kazi na sasa mnaijua sura ya mruko kwenye udongo wenu. Msipoona kitu, tatizo mlishike siku hiyo, si siku ya fainali.

Kisha andikeni mitetemo ya kawaida: siku ileile ya wiki, saa zilezile, bila mechi, angalau mara tatu. Lori lina sura yake: kilima laini cha sekunde 10 hadi 20, linakuja na kuondoka. Treni ni kilima hichohicho kikiwa kirefu. Jenereta ni mstari mwembamba usiopinda. Ya mizunguko 1,500 kwa dakika hukaa 25 Hz na kwenye mafungu yake. Bao ni tofauti: hupanda ghafla kama ukuta, hujaa kwenye masafa mengi kwa pamoja kwa kuwa kila mtu anaruka kwa wakati wake, kisha hushuka taratibu. Wimbo ni mistari iliyopangwa. Mapumziko ya dakika 15 ni vurugu ya nyayo bila mpangilio, na watu wanapotoka mwishoni mstari hupanda polepole kama maji ya mafuriko. Vyote hivi huonekana kwenye spektrogramu, yaani picha inayoonyesha nguvu ya kila masafa kadiri muda unavyokwenda. Dirisha la sekunde 10 linaweza kutenganisha masafa yanayopishana 0.1 Hz, na programu za ObsPy na SWARM ni za bure.

Mwisho, saa, ambayo ndiyo hufukia ripoti nyingi. Kifaa huandika UTC, saa ya pamoja ya dunia. Kompyuta yenu iko saa tatu mbele. Na mwanafunzi aliyekaa na daftari ataandika "saa 2:14 usiku", ambayo kwa kompyuta ni 20:14 na kwa kifaa ni 17:14. Hapo bao moja lina saa tatu tofauti, na msomaji wa daftari wiki mbili baadaye hajui ni ipi. Mkate neno mapema: daftari zima liwe la UTC, na kila ukurasa uandikwe hivyo juu.

Jambo dogo lenye uzito: kisanduku chenye nyaya kando ya umati huogopesha watu, na walinzi wana haki ya kuogopa. Pateni barua ya shule, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na ruhusa ya msimamizi wa uwanja kabla ya siku hiyo. Kisanduku kiandikwe ni cha nani na kina kazi gani.

Nimeunda kipimo changu kwa jiofoni na ADS1115, nakaa Kireka. Kinaonyesha 2 Hz safi usiku na mchana, hata Namboole ikiwa tupu. Nahifadhi masomo 16 kwa sekunde ili kadi isijae. Je, ni uwanja wenyewe unaotikisika? — Fundi kijana, Kireka

Hapana ndugu, unapima umeme wa ukutani.

Umeme wetu huyumba mara 50 kwa sekunde, na waya mrefu wa jiofoni huunasa kama antena. Wewe unachungulia mara 16 kwa sekunde tu. Kati ya kuchungulia na kuchungulia, umeme umezunguka mara tatu na kidogo. Zile tatu kamili huzioni, unaona kile kidogo tu. Hesabu ni 50 kutoa 48, ambayo ni 16 mara tatu: inabaki 2. Yaani umechagua, kwa bahati mbaya kabisa, kiwango kinachogeuza umeme wa nyumbani kuwa mashabiki wanaoruka. Ungehifadhi masomo 15 ungeona 5 Hz, na pengine ungeshtuka mapema.

Kuna njia mbili za kuhakikisha. Umeme ukikatika, na kifaa kiko kwenye betri, mstari wa 2 Hz utatoweka sekunde hiyohiyo. Au uangalie kwa saa nzima: umeme wa gridi hausimami 50 kamili, hutangatanga kidogo juu na chini, kwa hiyo mstari wako utatembea, tuseme kati ya 1.9 na 2.1, hata saa tisa usiku ambapo hakuna anayeruka popote Kireka.

Dawa ni kuchungulia haraka kisha kupunguza kwa akili. Weka chipu kwenye 860 kwa sekunde, programu ichukue somo kila milisekunde 4 kwa kufuata saa ya kompyuta yako ndogo, maana saa ya ndani ya chipu hiyo inaweza kukosea hata kwa asilimia 10. Kisha chukua wastani wa masomo matano-matano. Matano hayo yanafunika milisekunde 20, ambazo ni mzunguko mmoja kamili wa umeme. Kupanda na kushuka kwake kunafutana. Unabaki na masomo 50 kwa sekunde, na hakuna unachohitaji juu ya 20 Hz. Tangulia na kizuizi kidogo mlangoni, kinza cha kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 1, kitakachoanza kupunguza kuanzia 16 Hz hivi. Tumia waya wa jozi zilizosokotwa wenye ganda la chuma, ganda likaunganishwe na ardhi upande mmoja tu. Ukiunganisha pande zote mbili unajitengenezea mzingo mpya wa kunasa umeme uleule. Na ingiza jiofoni kwa njia ya tofauti, waya mmoja A0 na mwingine A1, usiufunge mmoja kwenye ardhi ya saketi.

Kuhusu kadi kujaa: masomo 50 kwa sekunde, kila moja baiti 2, ni megabaiti 8.6 kwa siku. Kadi ya gigabaiti 8 itakaa zaidi ya miaka miwili.

Nyumba yangu ipo Bweyogerere, si mbali na uwanja. Imeota nyufa tangu mechi kubwa zianze. Nimdai nani? — Mama mwenye nyumba, Bweyogerere

Pole, mama. Kabla ya kudai, pima, kwa sababu tunaona uwezekano mdogo sana kwamba ni mashabiki.

Kiwango cha Ujerumani kiitwacho DIN 4150-3, kinachotumiwa na wahandisi wa nchi nyingi, huweka milimita 5 kwa sekunde kwenye msingi kuwa kikomo cha nyumba za kuishi kwa mitetemo ya chini ya 10 Hz, na milimita 3 kwa majengo dhaifu ya kale. Chini ya hapo nyufa hazitarajiwi. Binadamu huanza kuhisi mtetemo akiwa ametulia kwenye milimita 0.15 hadi 0.3 kwa sekunde. Maana yake, muda mrefu kabla ukuta haujapasuka ungesikia vikombe vikigongana kabatini na ungetoka nje na watoto. Kama siku ya mechi unasikia kelele tu lakini chai kwenye kikombe haitikisiki, ardhi yako iko mbali sana na kikomo.

Angalia ufa wenyewe. Ukianzia kona ya dirisha au mlango na kupanda mshazari, mara nyingi msingi umeshuka upande mmoja. Ukifunguka kiangazi na kujifunga masika, ni udongo wa mfinyanzi unaonywea na kuvimba. Ukifuata mstari wa juu ya kuta zote, uliza fundi kama nyumba ina mkanda wa zege. Vijinyufa vyembamba kama utando kwenye lipu ni saruji iliyokaushwa na jua haraka. Na jiulize pia kama kuna barabara iliyojengwa karibu: rola la kutetema likipita mita chache kutoka ukutani linaweza kufanya kile ambacho uwanja mzima hauwezi.

Namna ya kupima haina gharama. Chora alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe. Piga misumari miwili midogo, mmoja kila upande, na upime umbali kati yao kwa kipimo cha fundi cha sehemu ya kumi ya milimita, asubuhi, kila Jumatatu, na pia siku moja kabla na siku moja baada ya kila mechi. Endelea angalau miezi mitatu, pawemo na mvua. Daftari hilo litakusaidia mbele ya yeyote, awe mkandarasi wa barabara au fundi wako mwenyewe.

Siku ya sare ya 3–3 na Afrika Kusini nilisikia uwanja "ulitetemeka kama tetemeko". Je, ni tetemeko la ukubwa gani? — Shabiki wa Cranes, Mbale

Tukokotoe. Mtu wa kilo 70 akiruka na kutua kutoka sm 10 huachilia takriban jouli 70. Chukua mashabiki 40,000 watue kwa kufumba na kufumbua: jouli milioni 2.8. Ukiweka kwenye fomula ya zamani ya Gutenberg na Richter, nishati hiyo yote ikiwa wimbi la ardhini, unapata tetemeko la ukubwa wa 1.1. Lakini haiwi yote. Nyingi humezwa na magoti, viatu na zege la jukwaa. Ikipenya asilimia moja, ukubwa ni karibu −0.2. Ndiyo, ukubwa wa tetemeko unaweza kuwa hasi. Sifuri ni alama tu kwenye ngazi.

Kisha watu hawatui pamoja. Bao likiingia kila mtu huruka kivyake, na mawimbi yao hukatana.

Duniani kuna rekodi nzuri. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Leicester waliweka kifaa shuleni, karibu nusu kilomita kutoka uwanja wa King Power, na bao la dakika za mwisho la Leonardo Ulloa dhidi ya Norwich, Februari 2016, wakalipa ukubwa wa 0.3. Seattle, Marekani, mbio za Marshawn Lynch za Januari 2011 zilinaswa na kituo kilicho jirani na uwanja mpaka zikapewa jina la tetemeko. Sisi hatupendi namba hizo zikitembea peke yake. Tetemeko la kweli hupasuka kilomita kadhaa chini na hudumu sekunde chache. Umati husukuma juu juu kwa dakika nzima. Anayetaka kueleweka aseme: mikromita kadhaa kwa sekunde, kwa umbali wa mita kadhaa, kati ya masafa haya na haya.

Na kwa kipimo: tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lililoua watu Bukoba na kusikika mpaka kwetu, lilikuwa 5.9. Kila namba moja ya ngazi ni nishati mara 32. Kutoka 1 kwenda 5.9 ni takriban mara milioni 22.

Nasomea uhandisi. Kwa nini mwalimu wetu anasema uwanja wa bondeni kama Nakivubo usilinganishwe na wa kilimani kama Namboole? — Mwanafunzi, Kampala

Kwa sababu ardhi laini huitikia. Vilima vyetu vya Kampala vina kofia ya moramu na mwamba mgumu chini yake, na mabonde yana tope, mfinyanzi na mabaki ya mafunjo. Tabaka laini lililolala juu ya gumu lina mdundo wake, unaopatikana kwa kugawanya kasi ya wimbi la mkwaruzo (lile linalotikisa ardhi upande kwa upande) kwa mara nne ya unene wa tabaka. Tuseme, kwa mfano tu, kasi ni mita 100 kwa sekunde na unene ni mita 12: jibu ni 2.1 Hz, mdundo uleule wa watu wanaoruka kwa wimbo. Kila mruko unakuta ardhi tayari inapanda, kama anayesukuma bembea kwa wakati wake. Tabaka hilohilo likiwa la mita 4, mdundo unahamia juu ya 6 Hz na umati unakuwa hauna mshiko.

Somo la kweli lilitolewa Gothenburg, Sweden, Juni 1985. Kwenye tamasha la Bruce Springsteen katika uwanja wa Ullevi, maelfu waliruka kwa mdundo mmoja juu ya mfinyanzi mzito, mawimbi yakaingia kwenye jengo na kuliharibu, ikabidi misingi iimarishwe. Angalia: ilikuwa muziki, haikuwa mpira. Mashabiki wa bao wana nguvu lakini hawana mdundo. Kwa msimamizi wa uwanja, usiku wa kuogopa ni wa msanii mwenye wimbo wa 130 kwa dakika, si wa dabi.

Ukitaka kujua mdundo wa eneo lako, huhitaji umati. Weka kifaa cha pande tatu, kiandike nusu saa usiku wa manane, kisha kwa kila masafa gawanya nguvu ya mtetemo wa mlalo kwa ile ya wima. Kilele cha mgawanyo kinakaa karibu na mdundo wa tabaka. Kwa kazi hiyo jiofoni ya wima pekee haitoshi.

Je, siwezi kutumia simu tu? — Msomaji, Jinja

Ardhini hapana, jukwaani ndiyo. Mikromita 10 kwa sekunde kwenye 2 Hz ni mchapuko wa sehemu 13 kwa milioni za mvutano wa dunia. Kelele ya kihisi cha simu ni mara nyingi zaidi ya hapo. Lakini zege la jukwaa lenyewe, watu wakiwa juu yake, huenda na mchapuko wa asilimia nzima au zaidi, na simu hulisoma vizuri. Ilaze bapa sakafuni, katikati ya boriti mbili ambako zege hunepa zaidi, ibandike kwa gundi ya karatasi pande zote, zima mtetemo wa simu, na chagua programu inayohifadhi masomo 100 kwa sekunde. Usiishike mkononi na usiiweke kitini, maana utapima kiti. Uingereza jukwaa jipya la mpira likiwa na mdundo wa wima chini ya 3.5 Hz huhitaji uchunguzi zaidi, na la matamasha husukumwa juu ya 6 Hz. Ukipata 3 safi, mpelekee mhandisi faili lako.

Hapa Arua hatuna uwanja mkubwa, ila vibanda vya video vinajaa kila Jumamosi ya ligi ya Uingereza. Kuna cha kupima? — Mwenye kibanda, Arua

Kipo, na Afrika ndiyo iliyoonyesha njia. Mwaka 2005 hadi 2007 watafiti walikuwa wametandaza vipimatetemeko 32 nchini Kamerun kuchunguza miamba ya chini. Kombe la Afrika la 2006 likachezwa Misri, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Kila timu ya Kamerun ilipocheza, vifaa vilivyo karibu na miji viliruka kwa wakati mmoja: watu majumbani, kwenye baa na mitaani walikuwa wakishangilia mbele ya televisheni. Hakukuwa na uwanja wowote karibu.

Kibanda chako kina faida moja: chanzo ni kidogo na unakijua. Weka jiofoni nje, mita 15 hadi 20 kutoka ukutani, mbali na jenereta. Kama sakafu ni ya mbao, utaona mdundo wa mbao kuliko wa watu, kwa hiyo safisha kwanza: mtu mmoja aruke mara moja katikati, kibanda kikiwa kitupu, na uone sakafu inaitikia kwenye masafa gani. Hesabu wateja mlangoni. Jumamosi nne zinatosha kuona kama watu 200 wanatikisa mara mbili ya 100. Wakiruka ovyo itakuwa karibu mara 1.4, na wakiimba pamoja itakaribia 2.

Usichukue saa ya bao kutoka kwenye magazeti wala kwenye redio. Setilaiti huchelewa sekunde kadhaa, na anayepokea kwa intaneti huchelewa hata nusu dakika na zaidi. Arua kuna vibanda vingi. Kibanda cha jirani chenye dishi kitaruka kabla ya chako chenye intaneti, na kifaa kitaandika bao moja mara mbili. Mtu akae ndani ya kila kibanda na saa iliyolinganishwa, aandike sekunde ambayo wateja wake wameruka.